Kiti cha Pweza

Mnyama yule mwenye ncha tano, anayeonekana akilala mchangani maji yakishatoka, Waswahili wamemwita kiti cha pweza. Waarabu na Waingereza walimtazama wakakumbuka mbingu, wakamwita kwa jina la nyota. Sisi tulimtazama tukamkumbuka jirani yake. Kila nikutanapo na nyota hiyo katika shairi ninalolitafsiri, kalamu husita: nikiandika kiti cha pweza nimemnyang'anya mshairi mbingu yake, nikiandika nyota ya bahari nimemnyima msomaji wangu pwani yake. Kusita huko ndiko kulikonitia katika kazi ambayo wenzangu wa rika huiona ya kitoto, nayo ni kufinyanga viumbe vya bahari kwa udongo wa polima na kuvipamba vyombo vya nyumbani.

Udongo huo, kwa hakika, si udongo. Ni plastiki, PVC ile ile ya mabomba ya maji, iliyolainishwa hata ikakubali kukandwa kama donge la unga. Huko Ujerumani Sophie Rehbinder-Kruse, binti wa Käthe Kruse aliyekuwa mtengenezaji mashuhuri wa wanasesere, alibuni udongo wa namna hii, na mwaka 1964 ukaingia mikononi mwa kampuni ya Eberhard Faber, iliyouza kwa jina la Fimo. Hauhitaji tanuri la mfinyanzi. Oveni ya jikoni yatosha, joto likiwa kama nyuzi 110 hadi 130 za Selsiasi, kwa kadiri pakiti inavyoelekeza. Moto ukizidi huungua, na moshi wake huchoma macho na koo. Wala haufai kugusana na chakula. Ndiyo maana pweza wangu amekaa juu ya kifuniko cha kopo la sukari, kwa nje.

Huyo pweza ndiye mwalimu wangu. Ana minyiri minane, sawa na mizani nane za kipande cha shairi, na kama ilivyo katika shairi, kutimiza hesabu si kutunga. Vikombe vya kunatia vimepangwa safu mbili katika kila mnyiri, vikipungua ukubwa kuelekea nchani. Mimi huvichora kimoja kimoja kwa ncha ya kalamu iliyokwisha wino. Mboni ya jicho lake ni ufa uliolala. Wengi humfinyangia macho ya duara, wakamtia na kope na tabasamu, akawa mwanasesere aliyevaa minyiri. Tafsiri za aina hiyo nazo nimezisoma nyingi. Mimi nilimwendea pwani siku za bamvua, pale kina mama wanapomtafuta katika mashimo ya mwamba, nikamwona akigeuka rangi mikononi mwao. Hapo udongo hushindwa. Mfinyanzi huchagua rangi moja, na nyingine zote humwachia bahari.

Nimeulizwa mara nyingi: kwa nini plastiki, ilhali pwani imejaa vitu vya asili? Kwa sababu kile kiti cha pweza kilichokaushwa, kinachouzwa kwa watalii, kilikuwa hai. Biashara ya mapambo ya bahari ni kongwe kwetu. Kitabu cha Periplus, cha karne ya kwanza, chataja magamba ya kasa katika bidhaa za pwani hii. Karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg walipakia simbi Unguja kwa shehena, zikatumike kuwa fedha Afrika Magharibi. Ng'amba, ambaye gamba lake lilifanywa vitana na vijaluba, amewekwa chini ya katazo la biashara ya kimataifa la mkataba wa CITES tangu mwaka 1977.

Hata hivyo siutakasi udongo wangu. Plastiki ni adui wa bahari ile ile ninayoiigiza. Donge ambalo halijaokwa hukandwa tena, likishaokwa halirudi. Kwa hiyo hufinyanga vichache, vya kukaa nyumbani miaka, na sijapata kufinyanga cha kuuza.

Liko na suala la sanamu, ambalo kisiwani halikwepeki. Mafundi wa milango ya Unguja walichonga samaki kwa magamba na mkia, akafanana na nakshi kuliko na changu. Shangazi yangu, aliponiagiza nimpambie fremu ya kioo, alishurutisha kisiwepo kitu chenye macho, kwani kioo kimetundikwa katika chumba anachosalia. Nikamfinyangia viti vitano vya pweza, pembe nne na kimoja juu. Amevifurahia sana. Kiti cha pweza kina macho nacho, doa dogo katika ncha ya kila mkono, ila hayo sikuyatia.