Peke Yake Guangzhou: Nasaha kwa Mpwa Anayesafiri

Kwa mpwa wangu, Ruangwa.

Katika Guangzhou, jiji la China lenye watu zaidi ya milioni 18 kwa sensa ya 2020, mgeni aliyekwenda peke yake hubeba kila uamuzi kwa kichwa kimoja, tena kilichochoka. Hana wa kumlindia begi anapouliza njia, wala wa kumkonyeza bei inapokuwa mbaya. Kwa hiyo mambo mengi ya Guangzhou huamuliwa vizuri zaidi yakiamuliwa nyumbani, msafiri akiwa bado ameshiba usingizi.

La kwanza ni wakati. Maonyesho ya biashara ya Canton, yaliyoanza 1957, hufanyika mara mbili kwa mwaka, na yale ya vuli huenda kwa awamu tatu kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Novemba. Anayesubiri fedha za korosho hayawahi, kwani minada ya zao hilo ndiyo kwanza inaanza. Mwenye fedha za ufuta, zinazoingia katikati ya mwaka kupitia minada ya chama kikuu cha ushirika cha RUNALI, anayawahi. Lakini siku hizo vyumba hupanda bei mno, na mwenye mtaji mdogo hupata nafuu akienda baada ya maonyesho, maana masoko ya jumla yako wazi karibu mwaka mzima. Barabara ya kwenda Dar es Salaam nayo haina dhamana. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata eneo la Somanga, magari yakakwama huku na huku. Msafiri wa kusini hufika Dar siku kadhaa kabla ya ndege yake.

Simu huandaliwa kabla ya kuondoka. Google na WhatsApp zimezuiwa China, na mgeni asiyejua hilo hugundua uwanja wa ndege, pale anapozihitaji kuliko wakati wowote. Badala yake, WeChat hufunguliwa Tanzania, kadi ya benki ikiunganishwa humo au kwenye Alipay, kwani wauzaji wengi wamezoea kulipwa kwa simu. Jina na anwani ya hoteli huandikwa kwenye karatasi kwa herufi za Kichina, kwa sababu simu huishiwa chaji na madereva wengi wa teksi hawasomi herufi za kwetu.

Sheria ya China inamtaka mgeni aandikishwe polisi ndani ya saa 24 tangu afike. Hoteli humwandikisha yenyewe. Anayefikia nyumbani kwa mtu hana budi kwenda polisi mwenyewe, au mwenyeji wake amwandikishe, na hapa ndipo ndugu wengi wema huwaponza wageni wao: wanapika, wanatandika kitanda, wanasahau karatasi. Pasipoti hutembea na mwenyewe, nakala zikibaki chumbani. Ikipotea, kinachotangulia ni taarifa ya polisi, kisha ubalozi mdogo wa Tanzania uliopo jijini humo.

Treni za chini ya ardhi ni rahisi kuliko zinavyoonekana. Majina ya vituo yameandikwa pia kwa herufi za kawaida, na njia zimepewa namba na rangi. Xiaobei, mtaa uliozoeleka kwa wafanyabiashara wa Kiafrika, una kituo katika njia namba 5. Ugumu huanza wakati wa kutoka. Kituo kimoja kina milango mingi, A, B, C, D, na aliyekosea mlango huibukia ng'ambo ya barabara pana asiyoweza kuivuka kwa miguu, akaanza kuzunguka na furushi lake juani. Anayeelekezwa mahali huuliza kituo na herufi ya mlango pamoja.

Dukani, lugha ni kikokotoo. Muuzaji hubonyeza bei na kukigeuza, mnunuzi hufuta na kubonyeza yake, kikaenda na kurudi mpaka mmoja atikise kichwa. Bei hiyo mara nyingi ni ya idadi fulani ya chini: anayetaka dazeni moja hatapewa bei ya katoni kumi. Asiye na mwenzake wa kushauriana naye huandika bei ya mwisho anayoiweza kwenye daftari kabla ya kuingia, na ikivukwa anatoka. Halipi siku hiyo hiyo aliyoona bidhaa kwa mara ya kwanza. Sampuli huondoka nayo, akailinganisha na mzigo utakapokuja.

Upweke nao huharibu hesabu. Aliyekaa siku kadhaa bila kusikia lugha yake humwamini haraka mno yeyote anayemsalimia kwa Kiswahili. Dawa yake ni kuonana na watu mahali panapojulikana. Ijumaa, Waislamu wengi wa Kiafrika huswali katika msikiti wa Xianxian, na Wakatoliki wana kanisa kuu la Moyo Mtakatifu. Hata chakula kina njia: migahawa ya tambi ya Waislamu wa Kichina huandika "halali" kwa Kiarabu mlangoni, na aliyepita madrasa Ruangwa ataweza kulisoma neno hilo katika mtaa mzima asioelewa bango jingine. Kila saa tatu usiku, ambayo nyumbani ni saa kumi jioni, msafiri hutuma ujumbe kwa mtu mmoja aliyekubaliana naye, akitaja alipo na anakokwenda kesho.

Mzigo wa mtu mwingine haubebwi, wakati wa kwenda wala wa kurudi, hata uwe wa jirani, hata uwe dawa ya mama yake. Mwaka 2013 barua za Watanzania waliofungwa Hong Kong kwa dawa za kulevya zilisomwa nyumbani kwa uchungu. China bara, anayekutwa akisafirisha gramu 50 au zaidi za heroini aweza kuhukumiwa kifo. Begi hufungwa na mwenyewe, na halitoki machoni pake mpaka likabidhiwe kaunta ya ndege.

Mjomba wako,
Nachingwea