Mateka Aliyerudi Mwenyewe

Sisi ni mwalimu wa chuo, na mkono wetu umeizoea bakora. Siku moja wanafunzi wetu wawili walitoroka darasani wakaenda kuogelea baharini. Kabla ya adhuhuri walirudi wenyewe, nguo zimelowa, wakasimama mlangoni. Tuliwapiga kwa hasira, wala hatukuwauliza neno. Mmoja wao hakurudi tena chuoni.

Baadaye tulisoma habari za Mtaliani mmoja, Felice Benuzzi. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alikuwa mateka wa Waingereza katika kambi ya Nanyuki, Kenya. Mwezi wa Januari 1943 alitoroka na wenzake wawili, si kwa kwenda kwao, bali kwa kutaka kuupanda Mlima Kenya uliokuwa ukionekana toka kambini. Yeye na mmoja wao walifika kilele cha Lenana. Kisha wote watatu wakarudi kambini kwa hiari yao. Walihukumiwa siku 28 za kifungo cha upweke, lakini mkuu wa kambi aliustahi ujasiri wao, akawapunguzia hata wakakaa siku 7 tu.

Mkuu huyo naye alikuwa chini ya sheria. Mapatano ya Geneva ya mwaka 1929 yalisema kwamba mateka akitoroka na kukamatwa, kosa lake ni la nidhamu tu, na kifungo chake kisizidi siku 30. Mapatano ya mwaka 1949, yaliyopo hata leo, yameuweka mpaka ule ule. Tena yanaamuru mateka aelezwe kosa lake na kupewa nafasi ya kujitetea kabla ya kuadhibiwa. Na yanakataza wengi kuadhibiwa kwa kosa la mmoja.

Sisi tumesomesha miaka mingi Surat al-Insan, inayomtaja mateka pamoja na maskini na yatima miongoni mwa wale wanaolishwa na watu wema. Tuliifahamisha kwa watoto, lakini bakora yetu haikuisikia. Yule askari alikuwa na adui mkononi mwake, akampunguzia adhabu. Sisi tulikuwa na watoto wa jirani zetu, tukawazidishia.

Tulikwenda kwa baba wa kijana yule, tukamtaka radhi yeye na mwanawe. Walitupokea kwa heshima, lakini kijana hakurudi. Tangu siku hiyo, chuoni petu hapana adhabu kabla ya swali.

Wazazi na walimu wenzetu, ikiwa adui wa vitani husikilizwa kabla ya kuadhibiwa, je, mtoto wetu?