Kutoka Kisarawe Hadi Kibaha: Simu ya Upepo Inayolinda Maji

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa njia ya Gongo la Mboto huanza kupanda vilima vya Pugu, na hapo hewa hubadilika. Huko Pugu ndiko Mwalimu Nyerere alikofundisha, katika shule ya Mtakatifu Fransisko, mpaka alipoacha kazi mwaka 1955. Ukiupita msitu unafika Kisarawe, mji wa mlimani wenye mikorosho, minazi na upepo mzuri. Jambo moja liliwatesa sana watu wake miaka mingi, nalo ni maji. Mji uko juu, maji yako chini. Mwaka 2020 bomba la kutoka Kibamba lilifikisha hapo mjini maji ya mto Ruvu, na watu walishangilia kwelikweli. Lakini sisi tukaao mbali na mji, wengi wetu tungali tunategemea visima na matangi yetu wenyewe.

Kwetu parokiani kisima kiko bondeni, na tangi liko juu penye zahanati. Kati yake ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu katikati ya mikorosho. Pampu ikiwashwa huko bondeni, hakuna njia ya kujua kama tangi limejaa ila kupanda na kuchungulia. Kazi hiyo ni ya mzee mmoja ambaye sote twamwita Babu. Hupima maji kwa ufito aliouchonga alama kwa kisu, na usiku hushika tochi. Kiangazi kilichopita kisima kilikauka usiku, pampu ikaendelea kuzunguka bila maji hadi alfajiri, ikaungua. Zahanati ikakaa siku tisa bila maji. Akina mama waliokuja kujifungua walifuatana na dada zao waliojitwika ndoo.

Basi Paroko aliposikia habari za fundi mmoja wa Kibaha atengenezaye vyombo vya kulinda pampu, akanituma nikaone kwa macho yangu kabla hatujatoa hata senti moja.

Sikuzunguka mjini. Nilishika njia ya Mpuyani itokezayo Kiluvya, nyuma ya bodaboda, nikafika barabara kuu ya Morogoro nikiwa mwekundu kwa vumbi kama tofali. Kutoka hapo hadi Maili Moja si mbali. Kibaha ndipo makao makuu ya Mkoa wa Pwani, lakini mimi niliyesomea ualimu naijua zaidi kwa shule zake. Mwaka 1963 nchi za Denmark, Norwe, Sweden na Ufini zilianzisha hapo mradi mkubwa wa elimu, afya na kilimo, na mwaka 1970 zikaukabidhi kwa Serikali yetu. Hata leo, mtu akikuambia mwanawe anasoma Kibaha, husema kwa kujivuna kidogo.

Fundi nilimkuta katika kibanda chake, kijana mpole, amezungukwa na redio zilizofunguliwa matumbo. Akaniwekea kiganjani ubao usiofikia urefu wa kidole cha shahada. Katikati yake kuna kijiwe cheusi kiitwacho maikrokontrola. Hiki ni kompyuta nzima iliyofinywa ndani ya kipande kimoja. Haina kioo wala vibonyezo. Hujua kazi moja tu, ile uliyoiandikia, nayo huirudia mchana na usiku bila kuchoka. Usidhani ni kitu kigeni, ndugu msomaji. Mita ya Luku iliyo ukutani mwako inacho kama hicho, nacho ndicho kihesabucho umeme na kuzikubali au kuzikataa zile tarakimu 20 unazobonyeza. Ubao wenyewe huuzwa Kariakoo, na bei yake haifikii ya gunia la mkaa.

Namna ya kupima maji ilinipendeza sana. Chini ya mfuniko wa tangi hufungwa chombo kipigacho sauti kali ambayo sikio la mtu haliisikii. Sauti hugonga uso wa maji na kurudi, nacho kijiwe huhesabu muda uliopita. Sauti hukimbia kama mita 340 kwa sekunde moja. Kwa hiyo ikirudi baada ya sehemu moja ya mia ya sekunde, ujue imekwenda na kurudi mita 3.4, na maji yako chini kwa mita 1.7. Ufito wa Babu hufanya hesabu hiyohiyo, ila yeye hulazimika kupanda ngazi.

Habari ikiisha kupatikana, itafikaje bondeni? Hapa fundi alikaa nami muda mrefu. Mawimbi yatumiwayo na intaneti ya nyumbani huenda kwa kasi, yakabeba habari nyingi, lakini majani yenye maji huyanywa. Alipoyajaribu kwenye mashamba ya mikorosho baada ya mvua, habari zilikatika njiani. Akachukua redio ya namna nyingine, iitwayo LoRa, iliyobuniwa Ufaransa. Hii husema polepole mno, maneno machache, kama mzee atoaye wosia, na kwa sababu ya upole huo husikika mbali kwa nguvu ndogo ya umeme. Betri moja na kipande cha sola vyatosha, maana kijiwe hulala, huamka kila baada ya dakika kadhaa, hupima, husema, kisha hulala tena. Wazee wetu waliiita redio simu ya upepo, na jina hilo naliona bado zuri. Marconi yuleyule aliyeanza na mitambo ya kujaza chumba ndiye aliyemjengea Papa Pius XI Redio Vatikano mwaka 1931. Leo simu ya upepo inaingia mfukoni mwa shati.

Nilimwuliza fundi swali lililonileta: je, mvua au radi ikiikata habari, pampu si itaungua tena? Akatabasamu. Akasema chombo cha bondeni hakingoji kuambiwa “zima”. Hungoja kuambiwa “endelea”, na neno hilo lisipofika kwa wakati, huikata pampu chenyewe. Tena pampu ikiwaka dakika kumi na tano na maji ya tangi yasipande, hukatwa pia, kwa kuwa kisima kimekauka au bomba limepasuka. Hapo ndipo niliporidhika.

Kesho yake nilipita Soga kuitazama reli mpya, ambayo treni zake za umeme zilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024. Nako treni huongozwa kwa simu ya upepo. Dereva hupewa ruhusa ya kwenda hadi mahali fulani, na akitaka kupapita bila ruhusa mpya, mtambo hufunga breki wenyewe. Treni ile kubwa na pampu yetu ndogo zimefundishwa adabu moja.

Niliporudi na habari hizi, Babu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Na mimi je?” Hakuna aliyecheka. Halmashauri ya parokia iliamua mambo mawili. Kwanza, chombo kisinunuliwe mpaka fundi akubali kuwafundisha wasichana wetu wawili waliomaliza kidato cha nne kukiunga, kukiandikia maagizo yake na kukitengeneza, kwani chombo kisicho na fundi kijijini hugeuka kiota cha nyigu. Fundi alikubali. Pili, Babu abaki na kazi yake.

Sasa kila asubuhi mmoja wa wasichana hao husoma namba iliyoletwa na redio, naye Babu hupanda na ufito wake mara moja tu, mchana kweupe, na vipimo vyote viwili huandikwa katika daftari langu. Wiki ya kwanza vilipishana kwa upana wa kidole. Wiki ya pili vilipishana kwa shubiri nzima, na Babu akashikilia kwamba ufito ndio wenye haki. Wakafungua mfuniko, wakakuta buibui ametanda utando wake mbele ya chombo. Wakaufuta.