Mtu wa Tishari

Ujenzi wa gati jipya la bandari ya Tanga ulipokamilika mwaka 2023, niliandika habari ndefu ambayo mimi mwenyewe niliipenda mno. Nilieleza jinsi kina cha maji gatini kilivyoongezwa kutoka mita 3 hadi mita 13, jinsi gati lenye urefu wa mita 450 lilivyosimamishwa, na jinsi kazi hiyo, iliyoanza mwaka 2019, ilivyoligharimu Taifa shilingi bilioni 429.1. Sikusahau winchi mpya wala magari ya kubebea makontena. Gazeti lilipotoka nililichukua hadi nyumbani kwa baba, Ngamiani, kama mtoto wa shule apelekavyo cheti chake.

Baba alivaa miwani, akaisoma habari ile tangu mwanzo hata mwisho, akalikunja gazeti na kuliweka chini ya birika la chai. Kisha akaniambia, “Umeandika vizuri, mwanangu. Lakini kabla ya hapo shehena zilikuwa zikitoka melini kwa miguu yake zenyewe?”

Sikuwa na jawabu. Baba yangu alifanya kazi katika matishari ya bandari ya Tanga tangu mwaka 1974 hata mwaka 1996. Wali niliolelewa kwao, na daftari la kwanza nililoandikia jina langu, vilitoka katika matishari hayo. Nami katika habari yenye maneno zaidi ya elfu moja sikuwa nimeliandika neno tishari hata mara moja. Nilikuwa nimesema tu kwamba zamani bandari ile ilikuwa “duni”.

Mambo hayo hatukuyazungumza tena. Mwaka huu nilipokwenda Tanga kwa likizo pamoja na binti yangu wa miaka tisa, nilimwomba baba tutembee sote watatu mpaka upande wa bandari. Alikuwa hajakwenda huko, kwa maana ya kwenda kuitazama, tangu siku alipoacha kazi. Nilidhani atakataa. Aliingia ndani, akatoka amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia yake ya vito, nikaelewa kwamba alikuwa akiingojea safari ile.

Wasioujua mji wa Tanga hapana budi niwaeleze kwamba reli imeugawa pande mbili. Ng’ambo moja ni Ngamiani, makao ya watu, ambako barabara zimepewa namba badala ya majina. Mtu hukuelekeza kwake barabara ya nane au ya kumi na tano, nawe ukafika bila ya kuuliza mara ya pili. Ng’ambo ya pili, kuelekea baharini, ndiko ziliko ofisi, mabenki, majumba ya Kijerumani na ya Kihindi yenye vibaraza virefu, na bandari. Kwa miaka mingi upande huo ulikuwa unanyauka. Rangi zilibanduka, vibaraza vikaota majani, na maghala yaliyokuwa yakinuka mkonge yakabaki yakinuka popo.

Sababu yake haikuwa uvivu wa watu wa Tanga, kama wasemavyo baadhi ya wageni. Mji huu ulitegemea mmea mmoja. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na miche iliyofika hai na kupandwa ilikuwa 62 tu. Mwaka huo huo ndipo ulipoanza ujenzi wa reli ya kutoka Tanga kwenda bara, ile ambayo mwishowe ilifika Moshi. Kutokana na miche ile likazuka shamba baada ya shamba, Ngomeni, Muheza, Hale, Korogwe, hata mwaka 1964 nchi yetu ikatoa tani zipatazo 230,000 za mkonge na kushika nafasi ya kwanza duniani. Kisha kamba za nailoni na za plastiki zikaingia sokoni kwa bei ambayo jani la mkonge halikuiweza. Miaka ya mwisho ya 1990 zao lilikuwa limeshuka hadi kadiri ya tani 20,000. Mabehewa yakapungua, meli zikapungua, na makuli wakarudi nyumbani kutengeneza baiskeli za watu. Baba naye alitengeneza baiskeli.

Tulipovuka reli baba alianza kusema. Hakuulizwa, alisema mwenyewe, akimwelekezea mjukuu wake kila jengo kwa fimbo. Tulipofika kwenye Boma la Wajerumani, lililotengenezwa upya na kufanywa makumbusho, tuliingia ndani. Kuna picha nyingi za kale mle. Binti yangu alivutiwa na habari za vita vya Novemba 1914, pale jeshi la Waingereza lenye askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka Bara Hindi, liliposhindwa na askari kiasi cha elfu moja wa Von Lettow-Vorbeck, na nyuki waliochokozwa na risasi wakaingia vitani bila ya kuulizwa wako upande gani. Kila mtoto wa Tanga huzijua habari za nyuki. Baba alimwacha amalize kuzisoma, kisha akamwuliza, “Na askari wale, unajua walishukaje melini mpaka pwani ya Ras Kazone?” Mtoto hakujua. “Kwa matishari,” akasema baba, akanitupia jicho.

Basi na niwaeleze wasomaji kazi ile ilivyokuwa, kama nilivyoelezwa siku hiyo tumekaa kwenye bustani ya Jamhuri, juu ya bandari, karibu na mnara wa saa, kwa maana hii ndiyo sehemu ya habari yangu iliyopungua.

Ghuba ya Tanga ni nzuri na imekingwa, lakini maji ya kando yake yalikuwa machache. Meli kubwa haikuweza kufika gatini. Ilitia nanga mbali, kadiri ya kilomita moja na nusu au zaidi, na mzigo ukaifuata huko huko. Tishari ni kama sanduku kubwa la chuma lielealo, halina injini wala tanga. Alfajiri lilipakiwa marobota ya mkonge gatini, likakokotwa na tagi hata ubavuni mwa meli. Robota moja lilikuwa na uzito wa kilo 250, yaani manne yalifanya tani. Ndani ya tishari walikuwamo watu wa genge. Juu ya sitaha alisimama mpiga ishara, ambaye ndiye aliyekuwa macho ya mwendesha winchi, kwa kuwa yule wa winchi hakuwaona waliokuwa chini. Kamba iliteremshwa, watu wakayazungushia marobota, ndoana ikaingizwa, mkono wa mpiga ishara ukapanda, na mzigo ukaondoka.

“Usemapo hivyo huonekana kazi rahisi,” alisema baba. “Lakini wakati wa kusi tishari halitulii. Linapanda, linashuka. Winchi inavuta juu na bahari inavuta chini, nawe u katikati ukiwa na mkono wako kwenye kamba.”

Hapo aliunyosha mkono wake wa kushoto, ambao kidole chake cha shahada hakipo. Tangu utotoni nilikuwa nimeuona mkono huo kila siku, nami sikupata kuambiwa zaidi ya kwamba “kilikwenda na kazi”. Siku hiyo alimweleza binti yangu. Ilikuwa mwaka 1988, robota la mwisho katika zamu, kamba ikakaza kabla ya yeye kuuondoa mkono. Rafiki yake wa genge moja ndiye aliyemfunga kwa kipande cha shuka na kumpandisha kwenye tagi kwenda Bombo hospitali. Rafiki huyo naye, miaka miwili baadaye, aliteleza kati ya tishari na meli. Jina lake baba alilitaja mara moja tu kwa sauti ya chini, nami siliandiki hapa, maana watoto wake wapo.

Nilikuwa nimejiandaa kusikia masikitiko. Nakiri, ndugu msomaji, kwamba hata kichwa cha habari nilikwisha kukipata moyoni: mzee anayelilia kazi iliyozikwa na mashine. Sisi waandishi tuna pupa ya namna hiyo. Hutunga mwisho kisha tukamtafuta mtu wa kutusemea. Kwa hiyo nilimwuliza baba kama haoni uchungu kwamba matishari hayahitajiwi tena kama zamani.

Alinitazama kama amtazamavyo mteja aliyeleta baiskeli isiyo na mnyororo akitaka itiwe upepo.

“Uchungu wa nini?” akasema. “Unataka nililie chuma kilichokula kidole changu na kumwua mwenzangu? Lingejengwa gati hili mwaka 1974 ningeshukuru Mungu.”

Wakati huo meli ilikuwa imefungwa gatini chini yetu, nyeusi, ndefu, na ubavu wake umelala sambamba na nchi kavu. Baba aliinuka na kusogea kwenye ukingo wa bustani. Miaka 22 aliyofanya kazi pale hakupata kuona meli ya ukubwa ule ikiigusa Tanga. Alisimama kitambo kirefu bila ya kusema. Nilimwona akiutazama mkono wa winchi ukishuka na kupanda, na mkono wake mwenyewe wa kulia, bila ya yeye kujua, ukiinuka kidogo na kushuka pamoja nao. Ndipo nilipokumbuka kwamba miaka yake ya mwisho, kidole kilipokwisha kwenda, alikuwa yeye mpiga ishara.

Alipogeuka aliniuliza maswali ambayo mimi, niliyekwenda pale mwaka 2023 na daftari na kalamu, sikuwa nimeyauliza. Je, zamu moja sasa ina watu wangapi? Wanapata chakula cha mchana? Akiumia mtu, nani humpeleka hospitali? Vijana waliofundishwa kuziendesha winchi zile ni wa hapa hapa? Mjukuu wake huyu, kwa kuwa ni hodari wa hesabu, akitaka kazi ya kuendesha winchi ile ataisomea wapi, na wasichana huchukuliwa? Nilimjibu niliyoyajua, ambayo yalikuwa machache, na mengine nikayaandika pembeni ya gazeti ili nikayaulize. Nitayauliza.

“Sikukulaumu kwa kulisifu gati,” alisema tulipokuwa tukiteremka. “Linastahili sifa. Lakini uliandika kwamba zamani bandari ilikuwa duni. Bandari ilikuwa duni, sawa. Mkonge wote ule ulipita. Uliandika kama kwamba haukupita.”

Njiani tulinunua kahawa kwa muuzaji aliyeketi kivulini, na kashata mbili za binti yangu. Jua lilikuwa limeanza kulegea na upepo wa ghubani ukapanda na harufu ya chumvi na mafuta. Binti yangu, aliyekuwa kimya kwa muda, alisimama akaigeukia tena meli. Aliona kamba nene zilizoifunga kwenye vigingi vya gati, akamwuliza babu yake kama zile ndizo kamba za mkonge alizokuwa akizipakia.

Baba alikaza macho, kisha akacheka mpaka kahawa ikamwagikia kanzu.

“Ile ni plastiki, mjukuu wangu,” akasema. “Tangu lini wakatumia yetu!”

Akaifuta kanzu kwa ule mkono wa vidole vinne, akatutangulia kuvuka reli, kwa sababu mteja mmoja alikwisha kuagana naye kuifuata baiskeli yake kabla ya magharibi.