Gari la kwenda Mtae

Masika yaliyopita sikumzika baba. Gari lilikwama njia ya Lushoto kwenda Mtae, nikabaki kwenye tope huku simu ikiita tu.

Sasa natafuta jingine. Shemeji anasema chukua Prado, utaheshimika. Sawa, ila lina zaidi ya tani mbili, na udongo mwekundu wa Usambara ukilowa haujui mkubwa. Fundi wangu yeye kanionyesha Suzuki Jimny: tani moja na kidogo, chesisi ya kweli, ekseli nzima mbele na nyuma, gia nzito ya kupandia milima. "Kaka, haka kakikwama watu wanne mnakasukuma."

Nyuma hapatoshi hata gunia la viazi. Mama atakaa mbele.