Katika Wodi ya Wenye Wazimu Mkali

Watu wapatao habari kwamba riziki yangu niliichuma katika wodi za maradhi ya akili hutaka kwanza kusikia visa vya mieleka, na huona nawanyima uhondo niwaambiapo kwamba muuguzi ashindanaye nguvu na mgonjwa ameshaiharibu kazi kabla hajaianza. Mtu aliyeshikwa na wazimu mkali, akavunja madirisha na kumrarulia nduguye kanzu, aghalabu ana hofu kuliko sisi tumwogopao: sauti asizozisikia mwingine zimemwambia kwamba chai yake imetiwa sumu, na wale jamaa waliomleta amefungwa kamba wamezidi kumthibitishia. Kwa hiyo nililofundishwa mwanzo, kabla ya kushika sindano, lilikuwa ni namna ya kusimama: upande upande, mbali kidogo, mikono yangu ionekane, na mlango usizibwe na yeyote, si kwake wala kwangu, maana aionaye njia ya kutokea hana haja ya kuitafuta kwa ngumi.

Pale maneno yaliposhindwa, tulimshika watu watano, mmoja kwa kila kiungo na wa tano kichwani, na huyo wa kichwani ndiye pekee aliyeruhusiwa kusema naye. Ole wake aliyemkalia mgonjwa mgongoni! Kifua kilichobanwa hakivuti pumzi, nami sijapata kusikia maiti akihesabiwa kuwa ametulia.

Ili kumtuliza mgonjwa, walionitangulia walitumia paraldehidi, dawa ya harufu kali, iliyohitaji bomba la kioo kwa kuwa huyayusha plastiki. Dawa ya wazimu iitwayo Largactil ilipoanza kutumika Paris mwaka 1952, na nyingine, haloperidoli, ilipogunduliwa Ubelgiji mwaka 1958, kelele za wodi zilipungua. Lakini naona neema hiyo ilitufanya wavivu wa kuuliza. Aliletwa kijana usiku akitukana na kuuma, na wote wakataka adungwe hima, ilhali mwili wake ulikuwa moto kama jiko. Tulipima damu kwanza: ilikuwa malaria, na sukari imeshuka mno. Glukosi iliyoingia mshipani ndiyo iliyomtuliza.

Mwingine wazimu wake ulikuwa wa kweli, na haloperidoli ikamfaa, ila siku ya pili shingo yake ilipinda hadi begani na macho yakaganda yakitazama dari. Mamaye alinijia mbio.

"Bwana mganga, yule pepo karudi!"

"La, mama. Hii ni dawa yetu, si pepo."

Nikamdunga promethazini, naye mama akaketi ubavuni pa kitanda, kamshika mwanawe kidevu, mpaka shingo ikaanza kulegea, na macho yakashuka yakamtambua.

"Basi iandike," akaniambia, "wenzako wasije wakampa tena nyingi hivyo." Nikaiandika katika cheti chake kwa wino mwekundu, nikamsomea, kwani hakuondoka mpaka aisikie.