Tiketi Tatu za Marne-la-Vallée

Kwetu Lubumbashi hakuna mama asiyejua habari ya bei inayotaka kupanda. Malori ya mahindi yakichelewa kule mpakani Kasumbalesa, mwenye akili hununua gunia la unga leo, maana ajua kwamba bukari ileile itamgharimu zaidi juma lijalo. Unga ukinunuliwa mapema hukaa ghalani ukimngoja mwenyewe. Lakini kuna vitu vingine vinunuliwavyo kabla ya bei kupanda ambavyo havikai ghalani, kwa kuwa vimeandikwa tarehe, na tarehe ikipita, basi, fedha imekwenda na kitu chenyewe kimekwenda. Jambo hilo tulilijua tulipokuwa Ubelgiji kwa masomo, katika nyumba ya dada yetu.

Dada yetu mkubwa, ambaye twamwita Yaya kama ilivyo desturi ya kwetu, anakaa Brussels pamoja na mumewe na watoto watatu. Mumewe, shemeji yetu, ni dereva wa basi. Yaya mwenyewe husafisha maofisi usiku, wakati wenye maofisi wamelala. Miaka miwili alikuwa amewaahidi watoto kuwapeleka Disneyland Paris, ile bustani kubwa ya michezo iliyo Marne-la-Vallée, kilometa 32 mashariki ya mji wa Paris. Akaweka fedha kidogo kidogo katika kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati.

Mwezi wa kumi na moja jirani mmoja alileta habari kwamba bei itaongezwa. Nyongeza yenyewe haikuwa kubwa machoni pa tajiri. Yaya aliipiga hesabu kwa njia yake: kwa tiketi zote alizozitaka, nyongeza ilikuwa sawa na saa mbili na zaidi za kupiga deki. Tena palikuwa na hesabu ya pili iliyomsumbua kuliko ile ya kwanza, nayo ni miaka ya watoto. Katika bustani ile mtoto aliye chini ya miaka 3 huingia bure. Tangu miaka 3 hata 11 hulipa bei ya mtoto. Aliyetimiza miaka 12 huhesabiwa mtu mzima, hata kama usiku bado analala na mdoli wake. Sasa binti mkubwa wa Yaya alikuwa atimize miaka 12 mwezi wa tano, na kitinda mimba atimize 3 mwezi wa nne. Kijana wa katikati, mwenye miaka 7, yeye peke yake hakuwa na haraka.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini bei ya mchezo isikae mahali pamoja? Desturi hiyo ni ya zamani kama bustani zenyewe. Walt Disney alipoifungua bustani yake ya kwanza, Disneyland ya Anaheim katika California, mwezi wa saba 1955, mtu mzima aliingia kwa dola moja, kisha akalipa senti kadhaa kwa kila mchezo. Baadaye pakawa na vitabu vya tiketi vilivyopangwa kwa herufi, na tangu 1959 herufi E ndiyo iliyokuwa ya michezo mikubwa. Mwaka 1982 vitabu vikaondolewa, ikabaki tiketi moja ya siku nzima kwa michezo yote. Mwaka 2016 wakaanza kuuza siku kwa bei mbalimbali: siku ya watu wachache kwa bei ndogo, siku ya watu wengi kwa bei kubwa. Na mwezi wa kumi 2024 siku zilizo ghali kuliko zote kule California zilipita dola 200.

Zamani tiketi nyingi hazikuwa na mwisho. Mwaka 2017 mwanamke mmoja aliingia Disneyland ya California kwa tiketi aliyoipata mwaka 1985. Ilikuwa imelala miaka 32, nayo ikapokewa mlangoni. Huyo kweli aliweka unga ghalani! Siku hizi tiketi ya kawaida huwa na siku yake.

Lakini tusiwaonee wauza tiketi, maana bustani hii ya Ufaransa ina habari yake ya pekee. Ilifunguliwa tarehe 12 mwezi wa nne 1992, ikiitwa Euro Disney, katika nchi tambarare ya Brie, palipokuwa mashamba ya ngano na ya viazisukari. Kiingilio cha mtu mzima kilikuwa faranga 225, yaani kama euro 34 za leo. Watu hawakuja kwa wingi uliotumainiwa, madeni yakawa makubwa mno, hata mwaka 1994 ikabidi kutafuta fedha mpya ili isifungwe. Ndipo wakuu wake wakafanya jambo ambalo wauza unga wetu hawalijui: mwaka 1995 walishusha bei. Tiketi iliyokuwa imefika faranga 250 katika majira ya watu wengi ikawa faranga 195. Mwaka uleule bustani ikapata faida yake ya kwanza. Tulipomsimulia shemeji habari hiyo, alicheka akasema, “Basi tungojee, labda wataishusha tena.” Yaya hakucheka.

Alichagua siku ya Jumanne mwezi wa tatu, na uchaguzi huo ulikuwa na busara. Tangu 2022 shule za Kifaransa za Ubelgiji zimebadili kalenda yao: watoto husoma majuma saba hivi, kisha hupumzika mawili. Kwa hiyo hutokea kwamba watoto wa Brussels wamo likizoni na watoto wa Paris wamo darasani. Siku ya namna hiyo bei huwa nafuu na misururu huwa mifupi. Shemeji alikwisha kusema kwamba siku hiyo atakuwa kazini, ila atatoa gari. Sisi tungeendesha. Tiketi zikawa nne: mbili za wakubwa, yaani Yaya na sisi, na mbili za watoto, kitinda mimba angeingia bure.

Zikiwa zimebaki siku tatu kabla ya bei kupanda, simu ililia kutoka Lubumbashi. Ndugu yetu mdogo yu katika mwaka wa mwisho wa sekondari. Karo ilikuwa haijatimia, na ada ya mtihani wa serikali ilikuwa ikitakiwa. Mama yetu hakuomba. Alieleza tu, kama wafanyavyo kina mama, kisha akauliza habari za baridi. Yaya akaliteremsha kopo, akahesabu fedha mezani, akarudisha kopo juu bila neno. Tulitaka kutoa chetu, lakini fedha ya mwanafunzi wajua ilivyo: tulikuwa na nauli ya mwezi na kitabu kimoja tulichokuwa hatujakilipia. Tukampa hiyo ya kitabu. Asubuhi akatuma fedha nyumbani, na usiku, kabla ya kwenda kazini, akanunua tiketi.

Tulipozipokea karatasi tuliona ni tatu. Majina mawili yalikuwa ya watoto, na la tatu lilikuwa letu.

“Yaya,” tukamwambia, “umekosea. Hapa jina lako halipo.”

“Sikukosea. Mimi nitakaa na mdogo nje. Wewe una miguu ya kusimama siku nzima.”

“Watoto wamekungoja wewe miaka miwili.”

“Wamengoja kuingia,” akajibu. “Tena siku hiyo nitakuwa nimetoka kazini alfajiri. Nitalala garini. Usiniharibie usingizi wangu, mdogo wangu.”

Kubishana na mkubwa si adabu, wala hakutupa nafasi. Tulijaribu kununua tiketi ya nne mwezi uliofuata, tukakuta bei imekwisha kupanda, nasi tulikuwa na nusu yake.

Siku ile tuliondoka Brussels saa kumi na moja alfajiri. Yaya alishuka kutoka kazini, akabadili kanga tu, akaingia garini na vyakula: kuku wa kukaanga, mikate na chai katika chupa. Njia ni zaidi ya kilometa 300. Hupita Mons, huvuka mpaka karibu na Valenciennes bila mtu kukuuliza pasi, kisha barabara kubwa ya Paris ambayo hulipiwa kwa kituo. Kijana alihesabu malori. Kitinda mimba alitapika mara moja, nasi twamsamehe. Tulipofika tukalipa tena, mahali pa kuegesha gari. Anayehesabu tiketi peke yake amesahau nusu ya gharama.

Mlango wa bustani umo chini ya hoteli kubwa yenye rangi ya waridi, kama jumba la mfalme. Hapo Yaya alisimama na mtoto mgongoni, akawafunga watoto vifungo vya makoti, akatugawia chakula. Pana mtaa mmoja wa maduka na mahoteli ya chakula, Disney Village, ambao hauhitaji tiketi. Akasema ataonekana huko, na akichoka atakuwa garini. Binti hakutaka kumwachia mkono. Watu nyuma yetu walianza kukohoa.

Ndani, kitu cha kwanza ni barabara yenye nyumba za Amerika ya zamani. Mvua ilikuwa ikinyesha, na hapo tukaona akili ya wajenzi: pande zote mbili za barabara, nyuma ya maduka, wametengeneza njia zenye paa, ili mtu afike kwenye ngome bila kulowa. Walijua kwamba hapa si California. Ngome yenyewe ni ya rangi ya waridi na mapaa ya buluu. Juu mna vioo vya rangi vinavyoeleza hadithi ya binti mfalme aliyelala; chini, katika pango, amelala joka la chuma na ngozi ya bandia, ambalo hufumbua macho na kupumua moshi. Kijana alitushika suruali. Kisha akaomba kurudi mara ya pili, na ya tatu, maana joka halina msururu.

Michezo mikubwa ina misururu. Mlangoni pa kila mmoja pameandikwa dakika za kungoja. Tangu 2021 aliye na haraka aweza kununua ruhusa ya kupita njia ya mkato, mchezo kwa mchezo. Kwa hiyo hata ndani ya ukuta kuna bei juu ya bei. Sisi tulisimama na wenzetu dakika 55 kwa ajili ya Big Thunder Mountain, gari la moshi la machimbo lililojengwa katika kisiwa katikati ya ziwa. Hutoka stesheni, huingia gizani chini ya maji, huibuka kisiwani, kisha hupanda na kuporomoka kati ya majabali mekundu. Mtoto asiyefika meta 1.02 harusiwi, pana kipimo, na kijana wetu alikipita kwa fahari. Mzee mmoja Mfaransa kando yetu alituambia amekuja mara ya ishirini. Sisi tulifumba macho tangu mwanzo hata mwisho, lakini hayo hatukuwaambia watoto.

Alasiri tukapanda mashua za “it's a small world”. Mchezo huu ulitengenezwa kwanza kwa ajili ya maonyesho ya New York ya 1964, kwa heshima ya UNICEF: wanasesere wa mataifa yote wanaimba wimbo mmoja, na mashua yapita polepole katikati yao. Watoto walitafuta Kongo. Tulipofika penye wanyama na wanasesere weusi kijana akauliza, “Hawa ni wa wapi, mjomba?” Dada yake akatutangulia kujibu: “Ni wa Afrika yote, wamewekwa pamoja ili kupunguza gharama.” Huyo ni mtoto wa Yaya kabisa.

Saa kumi tulikula kuku wetu chini ya mti mkubwa wa bandia uliojengwa mfano wa nyumba ya Robinson. Binti hakula paja lake. Alilifunga tena katika karatasi akasema ni la mama. Tukamkumbusha kwamba mama ana chakula chake. “Najua,” akasema, akaliweka mfukoni.

Usiku, kabla ya kufunga, ngome huwashwa taa za kila rangi na fataki hurushwa juu yake. Watu husimama wamebanana katika ile barabara ya kwanza. Watoto walitusihi tusingoje hapo. Walitaka kutoka, waende walipo mama na mdogo wao, wazione fataki pamoja nao, kwa kuwa mbingu haina mlango. Tulifikiri kidogo habari ya kile tulicholipia, kisha tukatoka.

Yaya alikuwa amesimama karibu na gari, mtoto mabegani. Alikuwa amelala saa nne kamili, akasema, na usingizi wa mchana bila simu hajaupata tangu aje Ulaya. Fataki zilionekana juu ya mapaa, nusu yake zimefichwa na hoteli. Watoto walisema wote wawili kwa mara moja: joka, maji, gari la moshi, mjomba aliyefumba macho (kumbe waliona). Yaya alilipokea paja la kuku, lililokuwa limelowa na kupondeka, akalila lote.

Njiani alitupa simu yake tusome. Ndugu yetu alikuwa ameleta picha ya karatasi ya malipo yenye muhuri wa shule. Yaya alikuwa ameipata saa tano asubuhi, tulipokuwa katika msururu.

Juma lile kijana alichora mstari kwa kalamu katika mwimo wa mlango wa jikoni, meta 1.02 toka chini. Kila asubuhi humsimamisha mdogo wake hapo. Bado zinapungua sentimeta nane, na tangu mwezi wa nne huyo naye hulipiwa.